Funguo za NIS zisikae katika mfuko mmoja

Mhariri,

Tarehe 26 Juni 2024, siku moja baada ya waandamanaji kuingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi, aliyekuwa Naibu Rais Rigathi Gachagua alizungumza na wanahabari hapa Mombasa. Alimlaumu waziwazi Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Kitaifa ya Ujasusi, NIS, Noordin Haji, kwamba hakumweleza Rais mapema jinsi wananchi walivyoukasirikia Mswada wa Fedha, akamtaka ajiuzulu. Maneno yale yaligeuka siasa siku hiyo hiyo. Hata hivyo yalibeba swali zito kuliko ugomvi wa wakubwa. Kama NIS ilionya, ni nani nje ya Ikulu anayeweza kuthibitisha? Na kama haikuonya, ni nani mwenye mamlaka ya kuiuliza na kudai jibu?

Naibu Rais ni mmoja wa watu 9 wanaokaa katika Baraza la Usalama la Kitaifa, ambamo Mkurugenzi Mkuu wa NIS naye ni mwanachama. Ikiwa aliye ndani ya Baraza hilo analazimika kulalamika mbele ya kamera, mwananchi wa Likoni aulizie wapi?

Naomba nafasi nieleze jinsi idara hii ilivyopangwa na jinsi inavyosimamiwa, kwa sababu mjadala wetu huanza na kwisha kwa kelele za "NIS ilikuwa wapi?" Wengi wanaamini idara hii haina sheria, inafanya itakavyo. Si kweli. Sheria ipo, imeandikwa kwa urefu, na baadhi ya vifungu vyake ni vizuri. Kasoro iko kwingine: karibu kila kufuli lililowekwa juu ya NIS, ufunguo wake unarudi kwa Rais yule yule au kwa watu aliowateua.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Kifungu cha 242 cha Katiba ya 2010 ndicho kinachoiunda NIS na kuipa jukumu la kukusanya habari za kijasusi na kuzuia ujasusi wa wengine dhidi yetu. Sheria yake ni Sheria Nambari 28 ya 2012. Kazi ya idara ni kukusanya habari, kuzichambua na kuzipeleka kwa anayepaswa kuchukua hatua. Haiendeshi mashtaka, haina seli, na kazi za polisi si zake. Watu huichanganya na DCI, Idara ya Upelelezi wa Jinai, ambayo iko ndani ya polisi na hutafuta ushahidi wa kupeleka mahakamani. Mpelelezi wa DCI huanza na kosa lililokwisha kutendeka akarudi nyuma kumtafuta mtenda. Afisa wa NIS hutazama mbele, akajaribu kujua jambo ambalo bado halijatokea. Ndiyo maana habari zake nyingi hazifai kuwa ushahidi: ni nusu nusu, zimetoka kwa mtu asiyeweza kutajwa, na zinaweza kuwa uongo.

Mgawanyo huu haukuja kwa bahati. Kabla ya 1999 kazi ya ujasusi ilikuwa ya Special Branch, kitengo cha polisi tulichorithi kwa Mwingereza, ambacho mwaka 1986 kiligeuzwa kuwa kurugenzi ya usalama. Kitengo kile kilikusanya habari, kikakamata, kikahoji, chote chini ya kofia moja. Matokeo yake yako chini ya jengo la Nyayo House, Nairobi, katika seli za giza ambamo walioshukiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, walifungiwa, wakamwagiwa maji wakasimama ndani yake, kisha wakapandishwa ghorofa za juu kuhojiwa. Mwenye kutafuta habari akiwa pia ndiye mwenye seli, huacha kutafuta. Hungoja mtu akiri. Sheria ya 1998 iliwaondoa majasusi ndani ya polisi na kuwanyang'anya uwezo wa kukamata. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na linastahili kulindwa kwa wivu.

Nasema kwa wivu kwa sababu limeshaanza kuguswa. Sheria ya marekebisho ya usalama iliyopitishwa Desemba 2014, katika kikao ambacho wabunge walirushiana karatasi na maji, iliongeza katika Sheria ya NIS kifungu cha 6A kinachomruhusu afisa wa NIS kumsimamisha na kumzuia mtu anayemkuta akitenda kosa kubwa, kwa sharti kwamba amkabidhi kwa kituo cha polisi kilicho karibu bila kukawia. Sharti hilo la "bila kukawia" ndilo ukuta pekee uliobaki kati yetu na mambo ya zamani. Je, kuna daftari linaloonyesha saa aliyozuiliwa mtu na saa aliyofikishwa kituoni? Hilo ndilo la kuulizwa. Kifungu bila daftari hakimlindi mtu.

Sasa muundo. Mkurugenzi Mkuu anateuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge la Kitaifa, baada ya kupigwa msasa na kamati. Muhula wake ni miaka 5, na anaweza kuongezewa mmoja tu. Kisheria yeye ndiye mshauri mkuu wa Rais na Serikali kuhusu usalama wa taifa kwa kutegemea habari za kijasusi. Chini yake wamo wakurugenzi wa vitengo: cha ndani ya nchi, cha nje, cha kuzuia majasusi wa kigeni, cha uchambuzi, cha mitambo, na cha utawala na mafunzo. Makao makuu yako Ruaraka, kando ya barabara ya Thika. Mashinani, idara ina maafisa katika kaunti, nao huketi katika kamati ya usalama ya kaunti inayoongozwa na Kamishna wa Kaunti, pamoja na makamanda wa polisi na DCI. Gavana si mwenyekiti wa meza hiyo, jambo linalowashangaza wengi kila kunapozuka vita vya mifugo au ardhi.

Hapa pana jambo moja la kuangaliwa. Tunaiita idara ya kiraia, na Katiba, katika kifungu cha 239, inasema vyombo vyote vya usalama viko chini ya mamlaka ya kiraia na havipaswi kuegemea chama chochote cha siasa. Lakini wakurugenzi wakuu 3 wa mwanzo, Wilson Boinett, Michael Gichangi na Philip Kameru, wote walitoka jeshini. Haji, aliyechukua hatamu Juni 2023 akitoka ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ndiye wa kwanza asiye mwanajeshi. Sisemi mwanajeshi hawezi kuongoza. Nasema idara hujenga desturi zake kutoka kwa waliokaa kileleni, na jeshini amri haihojiwi na walio nje.

Habari hupita njia gani hadi imfikie Rais? Huanza na swali. Serikali, kupitia Baraza la Usalama la Kitaifa, husema inataka kujua nini: nani anawafadhili vijana wanaovuka kwenda Somalia, bei ya unga italeta nini, nani anasomba silaha Kaskazini. Hatua hii ndiyo inayopuuzwa zaidi, na ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa anayeuliza maswali ndiye anayeamua idara itazame wapi. Ukiulizwa kila asubuhi "wapinzani wanapanga nini?", utakusanya ya wapinzani, na mpaka utabaki bila mtu.

Kisha afisa hukusanya, kutoka kwa wadokezi, mitambo na magazeti kama hili. Kila ripoti hupewa alama mbili. Mfumo uliozoeleka katika mashirika mengi duniani, ulioanzia katika jeshi la majini la Uingereza, hutumia herufi A hadi F kwa uaminifu wa mtoa habari na nambari 1 hadi 6 kwa uzito wa habari yenyewe. A ni mtu ambaye hajawahi kudanganya. F ni mtu ambaye bado hamjui kama ni wa kuaminiwa. Nambari 1 ni habari iliyothibitishwa na wengine. 6 ni isiyoweza kupimwa. Alama hizi hutolewa kila moja peke yake, kwa makusudi. Mdokezi mzuri anaweza kuleta uvumi, ikawa B5. Mlevi wa kilabuni anaweza kusema kweli, ikawa E2.

Mambo huharibika pale alama zinapodondoka njiani. Ripoti ya B5 hufupishwa mara moja, ikafupishwa tena, na inapofika mezani kwa mkubwa imebaki sentensi moja yenye uhakika ambao haikuwa nao ilipotoka. Kuna na mtego wa mwangwi: mdokezi mmoja mwenye njaa anauza hadithi moja kwa maafisa 3 wa vyombo 3, na kwa kuwa kila chombo kinaficha jina la mtu wake, mchambuzi anahesabu vyanzo 3 vilivyokubaliana. Marekani iliingia katika shimo la aina hii mwaka 2003. Mtoa habari mmoja wa Iraki, aliyeitwa kwa jina la siri Curveball, alikuwa mikononi mwa shirika la ujasusi la Ujerumani. Wamarekani hawakumhoji wenyewe kabla ya vita, na maneno yake juu ya maabara za silaha za kibiolojia zinazotembea kwa malori yakasomwa mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Mwaka 2011 alikiri kwamba alitunga.

Dawa ya haya ni mchambuzi asiyemhofia mkubwa wake, na rekodi inayoonyesha ripoti ya mwanzo ilisemaje. Rekodi hiyo ndiyo msingi wa usimamizi wowote. Baada ya shambulizi la Westgate la Septemba 2013, lililoua watu 67, nchi nzima ilibishana kama onyo lilitolewa, lilikuwa la kina kiasi gani, na lilimfikia nani. Kamati ya pamoja ya Bunge iliandika ripoti. Mwaka 2014 wabunge wenyewe waliikataa kwamba ni hafifu. Hadi leo hakuna hati rasmi inayomweleza Mkenya ni kiungo kipi cha mnyororo kilichokatika: ukusanyaji, uchambuzi, usambazaji, au polisi waliopokea na kuweka kwenye mtoto wa meza. Pasipo kujua, tunatibu kiungo tusichokijua.

Nije kwenye makufuli. La kwanza ni Mahakama Kuu, nalo ndilo bora kuliko yote tuliyo nayo. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya NIS, kifungu cha 36, inaruhusu haki hiyo ipunguzwe kwa anayechunguzwa, lakini inataka kibali cha mahakama kipatikane kwanza. Ombi la kibali linalostahili jina hilo huwa na hati ya kiapo inayotaja mtu anayelengwa kama anajulikana, mahali pa kuingiwa, aina ya mawasiliano yatakayonaswa, sababu za kuamini kuna tishio, muda unaoombwa, na kama ombi jingine juu ya mtu huyo liliwahi kupelekwa kwa jaji. Kipengele hiki cha mwisho ni kidogo kwa macho na kikubwa kwa kazi. Bila hicho, aliyekataliwa na jaji wa Jumatatu anaweza kwenda kwa jaji wa Jumatano na hadithi ile ile.

Marekebisho ya 2014 yaliongeza njia ya pili, ile ya operesheni za siri. Kifungu cha 42 sasa kinamruhusu Mkurugenzi Mkuu mwenyewe kutoa idhini ya maandishi kwa afisa wake kupata nyaraka, kuingia mahali, kupekua, kuweka mitambo. Idhini lazima iwe mahsusi, na kibali cha Mahakama Kuu kinatakiwa kiambatane nayo pale mawasiliano yanaponaswa. Hudumu siku 180, isipoongezwa. Februari 23, 2015, majaji 5 wa Mahakama Kuu, katika kesi iliyoletwa na muungano wa upinzani wa CORD, walifuta vifungu kadhaa vya sheria ile, lakini hiki cha NIS wakakiacha kisimame, wakiridhika kwamba kinga zilizomo zinatosha.

Naheshimu uamuzi huo, ila nataka msomaji apige hesabu. Siku 180 ni karibu miezi 6. Ongeza mara 2, umefika siku 540, mwaka na nusu wa kusikilizwa. Katika chumba cha jaji wakati kibali kinaombwa yupo upande mmoja tu. Anayelengwa hayupo, wakili wake hayupo, wala hakuna mtu yeyote aliyepewa kazi ya kumpinga mwombaji. Na muda ukiisha, bila chochote kupatikana, mtu yule haambiwi. Atakufa bila kujua. Mtu asiyejua kwamba alisikilizwa atalalamika vipi? Kufuli zima la malalamiko, nitakalolifikia, linategemea mtu ajue, na sheria yetu haina mahali inapomjulisha.

Afrika Kusini ilikuwa na tundu hili hili. Mwandishi wa habari wa kituo cha uchunguzi cha amaBhungane, Sam Sole, alikuja kugundua kwamba simu zake zilikuwa zimenaswa mwaka 2008, kwa vibali ambavyo sheria haikumpa njia ya kuviona. Februari 4, 2021 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilisema sheria ya kunasa mawasiliano inakiuka katiba. Iliagiza kwamba anayenaswa ajulishwe ndani ya siku 90 baada ya kibali kuisha, isipokuwa jaji aridhike kwamba kumjulisha kutaharibu kazi, na hapo anaweza kuahirisha kwa siku 90 kila mara. Kumbuka: hakuna gaidi aliyefunuliwa siri hapo. Jaji ndiye anayepima. Kinachobadilika ni kwamba afisa anayeandika hati ya kiapo anajua siku moja mlengwa anaweza kuisoma, na mkono wake unakuwa mwangalifu.

Jambo jingine ambalo majadiliano yetu huliruka ni tofauti ya mazungumzo na rekodi za simu. Kusikiliza maneno ni kitu kimoja. Kujua nani alimpigia nani, saa ngapi, dakika ngapi, na simu ilishika mnara gani ni kitu kingine, na mara nyingi ndicho chenye siri zaidi. Rekodi za wiki 2 zinatosha kukuonyesha unalala wapi, unaswali wapi, daktari wako ni nani. Kibali cha kusikiliza kikiwa na masharti makali na rekodi zikawa zinatoka kwa barua ya afisa tu, basi tumefunga mlango tukaacha dirisha.

Kufuli la pili ni Bunge. Usimamizi uko kwa Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mahusiano ya Nje ya Bunge la Kitaifa. Tazama jina lenyewe. Kamati hiyo hiyo ina jeshi lote, ina balozi zetu zote, inawapiga msasa mabalozi wapya, na ujasusi ni neno la katikati. Uingereza ina kamati ya wabunge ya ujasusi peke yake tangu 1994, yenye watumishi wake waliochujwa wanaoweza kukaa na mafaili. Wabunge wetu huingia katika kikao cha faragha, husikia maelezo aliyoamua Mkurugenzi Mkuu kuyatoa, kisha hutoka. Bila mtumishi wa kudumu mwenye kibali cha kusoma nyaraka, mbunge hawezi kujua ni swali gani hakuuliza.

Fedha ni vivyo hivyo. Fungua kitabu cha makadirio ya bajeti, tafuta fungu nambari 1281. Wizara nyingine zina kurasa za programu na programu ndogo: mishahara kiasi hiki, magari kiasi hiki, lengo la mwaka ni hili. Fungu la NIS lina programu moja, na mabilioni yanapita kwa mstari huo. Sidai majina ya wadokezi yachapishwe. Lakini ukarabati wa ofisi, mishahara kwa jumla, ununuzi wa mitambo kwa jumla si siri ya vita. Kifungu cha 229 cha Katiba kinamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kuisha Juni 30, aseme kama fedha zimetumika kihalali na kwa manufaa. Kwa matumizi ya siri, desturi nzuri ni mkaguzi kuwa na kikundi kidogo kilichopigwa msasa, kinachoona stakabadhi palepale Ruaraka bila kuzitoa. Malipo ya wadokezi ndiyo yanayoibiwa kirahisi zaidi katika idara yoyote ya aina hii duniani, kwa kuwa mpokeaji ni jina la siri na saini ni alama. Afisa anaweza kubuni mdokezi, akajilipa mwenyewe, na tena akatunga habari za kuhalalisha malipo. Hapo taifa limepoteza mara mbili: fedha, na ripoti ya uongo iliyoingia kwenye faili.

Kufuli la tatu ndilo linaloniuma zaidi: Bodi ya Malalamishi ya Idara ya Ujasusi. Sheria ya 2012 imeiunda ili mtu yeyote aliyedhulumiwa na Mkurugenzi Mkuu au afisa wake apeleke lalamiko. Mwenyekiti lazima awe mtu mwenye sifa za kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Ni wazo zuri mno. Lakini wanachama wanateuliwa na Rais, bodi hutoa mapendekezo wala si amri, na mwananchi wa kawaida hajui anwani yake. Uliza watu 10 katika stendi ya matatu wakutajie mahali pa kumshtaki afisa wa polisi. Kadhaa watakutajia IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi. Waulize juu ya bodi hii, utatazamwa tu. Chombo cha malalamiko ambacho hakina mlango unaojulikana, fomu, wala ripoti ya kila mwaka ya kusema "tulipokea malalamiko kadhaa, tukayamaliza kadhaa", hakiwezi kumtisha afisa mkorofi.

Wapo watakaosema suluhisho ni kuunda afisi mpya ya mkaguzi wa ujasusi kama ya Afrika Kusini, ambako Inspekta Jenerali wa Ujasusi hupitishwa na theluthi 2 za wabunge. Naunga mkono, ila tusinakili kasoro yake. Mwaka 2018 Inspekta Jenerali wa wakati huo, Setlhomamadi Dintwe, alilazimika kwenda mahakamani akidai kwamba Arthur Fraser, mkurugenzi wa shirika alilokuwa akilichunguza, amemnyang'anya kibali cha kuona nyaraka za siri. Ilitosha barua moja kutoka kwa mchunguzwa, na mchunguzi hakuweza tena kusoma faili. Kwa hiyo ikiwa tutaunda afisi hiyo, kibali cha mkaguzi kitolewe na kuondolewa na chombo kingine kabisa, na bajeti yake isipitie fungu 1281.

Majirani zetu Tanzania nao wana ya kutufunza. Sheria yao ya 1996 ilikuwa na kifungu kizuri kilichosema si kazi ya idara kumfuatilia mtu kwa sababu tu anashiriki katika maandamano au upinzani ulio halali. Maneno kama hayo, kwa lugha nyepesi namna hiyo, yangefaa sana katika sheria yetu baada ya yaliyowapata vijana waandamanaji tangu Juni 2024. Kwa upande mwingine, kati ya Januari 2023 na Julai 2024 idara yao ilipata wakurugenzi wakuu 3 wapya, mmoja baada ya mwingine. Muhula wetu wa miaka 5 ni bora, mradi uheshimiwe, maana mkurugenzi asiyejua kama atakuwapo mwezi ujao humwambia bosi wake yale bosi anayopenda kusikia.

Ninayoyaomba si mengi, na mengi hayahitaji hata kubadilisha Katiba. Msajili wa Mahakama Kuu anaweza kuchapisha kila mwaka idadi ya maombi ya vibali vya NIS, idadi ya yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa na yaliyoongezewa muda. Uingereza huchapisha idadi ya vibali kila mwaka kupitia kamishna wa mamlaka ya upelelezi, na mashirika yake bado yanafanya kazi. Jaji anayesikiliza ombi awe na orodha ya mawakili wachache waliopigwa msasa, mmoja wao aitwe kila mara kusimama upande wa asiyekuwapo. Bodi ya Malalamishi ipewe fungu lake la fedha, ofisi inayofikika nje ya Nairobi pia, na wajibu wa kuripoti Bungeni. Kamati ya Bunge igawe ujasusi kuwa kamati ndogo yenye wabunge wa pande zote na watumishi wawili au watatu wa kudumu. Na Baraza la Usalama la Kitaifa, ambalo kifungu cha 240 kinalitaka liripoti kwa Bunge kila mwaka kuhusu hali ya usalama, liweke katika ripoti hiyo sehemu ya wazi inayoeleza maonyo yaliyotolewa mwaka uliopita yalishughulikiwaje, bila kutaja vyanzo.

Kamati itakapokaa na wakuu wa NIS kupitia makadirio yajayo, mbunge mmoja tu aliye na ujasiri aulize haya matatu na aombe jibu liandikwe katika kumbukumbu za kikao: mwaka uliopita mliomba vibali vingapi na mkakataliwa vingapi; mliwazuia watu wangapi kwa kifungu cha 6A na kila mmoja alichukua saa ngapi kufika kituoni; na Bodi ya Malalamishi ilikaa mara ngapi.

Msomaji wako,
Mombasa